Stendi kwenye kelele niliandika, nyumbani kwenye utulivu nimekauka

Shikamoo shangazi. Pole na majukumu, mimi msomaji wako wa muda mrefu ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana nimefika mahali sioni pa kutokea alafu nyumbani sina wa kumwambia. Naomba usitaje jina langu.

Mimi ni kijana wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja wa kike, tunakaa Kimara vyumba viwili vya kupanga. Kazi yangu ni kuandika simulizi, zile za kwenye simu. Kwa asiyeelewa iko hivi, napost vipande vya mwanzo fesibuku bure, watu wakinogewa wanaanza kudai mwendelezo, hapo nawaambia mzigo kamili upo kwenye grupu la wasap, unatuma 2,000 kwa M-Pesa nakuunga, alafu kila siku saa tatu usiku nashusha kipande kipya mpaka stori iishe, ikiisha tunaanza nyingine na malipo mengine.

Kabla ya hapo nilikuwa nakatisha tiketi za mabasi ya mikoani, nilianzia stendi ya zamani pale Ubungo, tulivyohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021 nikaenda nao. Nilikuwa naandika humo humo kazini, kwenye simu iliyopasuka kioo, basi la Mbeya likishatoka naandika mistari kadhaa, abiria akija nafunga, akiondoka naendelea. Kelele za pale unazijua shangazi, wapiga debe, honi, wauza maji, spika zinaita mabasi, mtu anagombana na konda kuhusu mzigo wake, na sikuwahi kukosa cha kuandika hata siku moja. Simulizi iliyonitoa ilianzia pale dirishani. Alikuja dada mmoja akakata tiketi mbili za Songea, siti za pamoja, akasimama pembeni anaangalia basi mpaka likaondoka na yeye hakupanda, wala hakuja mtu mwingine. Nikarudi nyumbani kichwani nina swali moja tu, ile tiketi ya pili ilikuwa ya nani? Nikaanza kuandika usiku ule ule na ikawa stori ndefu, watu walilipa mpaka nikaogopa, kuna mwezi nilipata mara mbili ya mshahara wa stendi. Ndo nikaacha kazi. Mke wangu ni nesi, alinisapoti kabisa, tukanunua laptopu ya mtumba na meza tukaiweka chumbani pembeni ya dirisha.

Mwanzo nilienda vizuri, sasa hivi shangazi nimekauka. Siku yangu ipo hivi, mke anatoka alfajiri, nampeleka mtoto chekechea, saa mbili nipo mezani. Nafungua laptopu naangalia ule ukurasa mweupe, naandika sentensi nafuta, naandika nafuta. Naenda kufua. Mama mwenye nyumba anaita "Baba fulani upo? Msubirie yule wa kusoma mita ya maji." Jirani anaacha funguo, mwingine anamuacha mtoto kabisa, "si upo tu". Saa sita imefika nimechoka na sijaandika kitu. Saa nane mtoto karudi. Inafika saa moja jioni naanza kutetemeka mikono maana saa tatu watu wanataka kipande, hapo ndo naandika chochote kinachokuja, mtu anapoteza kumbukumbu, mtu anagundua ana pacha, na wasomaji sio wajinga wanaona. Wananiandikia "admin umepoa siku hizi", wengine "admin rudisha hela yetu". Grupu lilifika watu karibu 400, sasa hata 150 hawafiki. Na humo humo kuna wanaokopi vipande vyangu wanaenda kuviuza 500 kwingine.

Nimejaribu mengi. Kuamka saa kumi alfajiri, nikawa nasinzia mezani. Kuangalia video za namna ya kupata hamasa, mwisho nikawa nashinda naangalia video. Nikaijaribu ile programu ya akili mnemba iniandikie kipande, ikaniletea mwanadada anaitwa Amina amesimama dirishani mvua inanyesha anafikiria maisha, nikairudia tena ikaniletea Amina yule yule na mvua yake. Watu wanaomba msimu wa pili wa dada wa tiketi mbili, nimeuanza nikaacha, nimeuanza tena, unakufa mikononi kila nikifika katikati.

Sasa mjomba wa mke wangu amenitafutia nafasi kwenye kampuni ya mabasi, kukatisha tiketi pale pale Mbezi. Wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Nikimuuliza mke wangu anasema "uamuzi ni wako" lakini anavyosema mimi namuelewa. Nikirudi stendi ni kwamba nimefeli, wale jamaa niliwaaga kwa soda na picha, nitaingiaje pale? Nikibaki, kodi ya nyumba inalipwa na mwanamke, na juzi nilikuwa naanika nguo nikamsikia jirani anamwambia mwenzake "yule si marioo tu". Mke wangu sijamwambia hilo. Usiku silali vizuri, nakaa mpaka saa nane nasoma simulizi za wenzangu na kila nikisoma naumia.

Shangazi, kipaji huwa kinaisha? Nirudi stendi au nikomae? Na kama ni kukomaa, hiyo hamasa naipata wapi?

Msomaji wako, Kimara, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana nikairudia leo asubuhi, na jambo la kwanza nataka ujue nimekuelewa. Umebeba vitu vitatu kwa mpigo, mawazo yamekauka, hela imepungua, na heshima yako mtaani na ndani ya nyumba unaona inaporomoka, alafu vyote umevifunga kwenye fundo moja ukaliita kipaji. Ndo maana ni zito hivyo. Mimi naomba tulifungue taratibu, kwa sababu naona kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya hiki ukimpa kile haitafanya kazi.

Tuanze na hilo la kipaji. Unasema nyumbani umekauka, na unataja kuitwaitwa, kufua, mtoto wa jirani, mita ya maji. Ni usumbufu kweli, sikatai, na tutaurudia. Lakini mwanangu, Mbezi Luis ulikatizwa na kila abiria aliyefika dirishani na bado uliandika, tena kwenye simu ya kioo kilichopasuka. Kwa hiyo kelele peke yake haielezi, na muda pia hauelezi, maana sasa hivi muda unao mwingi kuliko zamani. Mimi nauliza, pale stendi ulikuwa na nini ambacho hapo mezani hakipo?

Naona viwili. Cha kwanza ni watu. Pale hukuwa unatafuta stori, watu walikuwa wanakuletea bila wewe kuomba, kila saa sura mpya, na kazi yako ilikulazimisha uwatazame usoni na uwasikilize, unaenda wapi, lini, na nani, unarudi lini. Hayo maswali ya tiketi ni maswali ya mwandishi kabisa ujue. Sasa hivi siku nzima unaonana na mama mwenye nyumba, mwanao na hiyo laptopu. Cha pili, na hapa naomba unisikilize vizuri, pale stendi mstari ukiwa mbaya hakuna aliyeumia, mshahara ulikuwepo, uandishi ulikuwa kitu chako ulichokuwa unakiiba katikati ya kazi. Leo kila sentensi unayoiandika imebebeshwa kodi ya nyumba, watu 150 wenye hasira, jina lako kwa mke na mdomo wa jirani. Sentensi gani mwanangu itatoka ikiwa imebeba yote hayo? Ndo maana unaandika unafuta. Mimi siwezi kukuapia kwamba kipaji hakipungui, ila kwa ulivyoeleza, kabla ya kukizika chako ningependa kwanza tuone kikipewa watu na kikipunguziwa mzigo kinafanyaje.

Sasa hiyo saa tatu usiku. Nani aliipanga? Nauliza kwa upendo kabisa. Sisi wa zamani hadithi za kuendelea tulizisoma kwenye magazeti yaliyotoka mara moja kwa wiki, inaishia patamu, "itaendelea toleo lijalo", tunasubiri wiki nzima, tunabishana dukani na salun nini kitatokea, na gazeti tunanunua tena. Kusubiri kulikuwa sehemu ya utamu. Wewe umeahidi kipande kila siku ya Mungu, siku ya kuumwa, siku ya msiba, siku ya umeme kukatika, mtu mmoja bila mhariri bila msaidizi, na kipande cha leo kinaandikwa leo leo. Hapo ndipo pacha na kupoteza kumbukumbu vinapoingilia, ukiwa umebaki na masaa mawili tu unachukua kilicho karibu.

Njia zipo zaidi ya moja. Unaweza kuwaambia watu ukweli kwamba kuanzia stori ijayo vipande ni mara tatu kwa wiki, virefu zaidi na vilivyopikwa. Hatari yake wapo watakaoondoka, tena wale wa "rudisha hela" watakuwa wa kwanza, na mwezi huo utapata kidogo kuliko sasa. Au unaweza kuandika stori nzima mpaka mwisho kabla hujauza hata kipande kimoja, ukianza kushusha unakuwa huna presha kabisa, lakini hapo kuna wiki au miezi ya kutoingiza kitu, na kwa hali ya nyumba yako ilivyo sasa hilo linahitaji mkae chini na mwenzako kwanza. Kati ya hizo kuna ya katikati, kujiwekea akiba ya vipande kumi hivi ndo unaanza kuuza, na kila ukishusha kimoja unaongeza kimoja. Hii ndo naona watu wengi wa simulizi wanaiweza, ingawa inataka nidhamu ya kutoila akiba yote siku ukiwa mvivu.

Umeuliza hamasa unaipata wapi. Mimi nina wasiwasi na hilo swali lenyewe maana linafanya hamasa ionekane ni kitu kipo mahali unakifuata, ndo maana umezunguka kwenye zile video ukarudi mikono mitupu. Jikumbuke ukiwa pale dirishani, ulikuwa na hamasa gani? Ulikuwa na swali, tiketi ya pili ni ya nani, na swali ndo lililokukalisha chini usiku. Hukuwa na mpango wa stori wala hukujua itafika vipande vingapi, ulikuwa unataka kujua kama sisi wasomaji tulivyotaka. Na hapa nadhani ndipo unapokwama kwenye msimu wa pili, kwa sababu lile swali ulishalijibu, sasa unaandika kwa kuwa watu wameomba, wewe mwenyewe hakuna unachotaka kujua tena. Labda ipo sehemu ambayo bado hujaiuliza. Kwa mfano zile siti mbili zilizoondoka tupu, konda wa basi la Songea ataziacha tupu mpaka mwisho wa safari kweli? Chalinze au Morogoro si atapakia watu? Nani alikaa kwenye siti ya yule dada, na alikuta nini pale? Sikwambii uandike hiyo, ni yako kuamua, nakuonyesha tu kwamba mlango mwingine unaweza kuwepo pembeni ya ule uliofungwa. Na kama haupo, stori imeisha kwa heri, waambie wasomaji imeisha, watanuna kidogo watazoea.

Kuhusu Amina na mvua yake, nilivyosoma niliona ni habari njema kwako. Ile programu haijawahi kusimama Mbezi saa kumi na moja alfajiri ikamwona mtu anakata tiketi mbili na hapandi. Wewe umesimama. Hicho ndo wasomaji wako walikilipia 2,000, na kama programu ingekuwa nacho usingekuwa na hofu ya mwanagrupu anayekopi bali ya simu ya kila mtu.

Basi watu utawapata wapi ukiwa unafanyia kazi nyumbani? Mimi ningekwambia utoke, na usitoke kwenda kutafuta stori umekunja uso, toka ukakae tu. Kijiwe cha kahawa jioni, zile kahawa na kashata, wazee wanabishana siasa na mpira lakini sikiliza kinachosemwa katikati ya mabishano. Mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni na kurudi bila simu mkononi. Pale feri soko la samaki asubuhi wakati wa mnada. Mahakama ya mwanzo, hii watu wengi hawaifikirii, kesi nyingi zinasikilizwa wazi na mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma akasikiliza, mirathi, madeni, ndugu wa tumbo moja wanavyosemeana mbele ya hakimu, utatoka hapo hujui uanzie wapi kuandika. Na siku ukitaka kimya cha kweli, Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi ipo tangu 1967, viti vipo, na hakuna atakayekuachia mtoto.

Lakini na nyumbani usipadharau. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa yupo ndani kwake, akamtungia binti yake utenzi ambao mpaka leo unasomwa. Hakwenda popote. Alikuwa na mtu mmoja mbele yake na jambo alilotaka huyo mtu alijue kabla yeye hajaondoka. Naona kuna kitu hapo kwa ajili yako, maana wewe saa moja jioni unaandika ukiwawaza watu 150 kwa pamoja, wote wamenuna. Jaribu siku moja kumuandikia mmoja tu, yule msomaji aliyekuwa nawe tangu Ubungo, au mkeo, au yule dada mwenyewe. Na uandike kwenye simu, umekaa pale nje kwenye ngazi, uone kama ule ukurasa mweupe wa laptopu nao hauna mkono wake katika jambo hili. Laptopu itumie baadaye kusafishia.

Angalizo moja hapa. Utakuwa unasikia siri za watu, za kijiweni, za mahakamani, na mkeo ni nesi, usiombe wala usitumie kitu cha mgonjwa wake hata ukibadilisha jina, hiyo inaweza kumtoa kazini. Za mtaani badilisha jina, mahali, idadi ya watoto, mpaka mwenyewe akisoma asijijue. Swali libaki, mtu aondoke.

Sasa tuje kwenye "si upo tu". Hili ni zito kwa kila anayefanyia kazi nyumbani, na kwa mwanaume uswahilini ni zito mara mbili kwa sababu mtu anakuona na ndoo ya nguo saa nne asubuhi anakumalizia hesabu yako yote. Jirani hajui kwamba kuna mwezi ulipata mara mbili ya mshahara, anachokiona ni wewe kuwepo. Kwa hiyo yeye hutaweza kumbadilisha kwa kumweleza, ila unaweza kubadilisha anachokiona. Chagua saa zako, tuseme saa mbili mpaka saa tano, mfuate mama mwenye nyumba kwa adabu umwambie mama naomba nikuambie, saa hizi huwa nipo kazini, baada ya saa tano nitakusaidia chochote. Useme neno kazini. Vaa kama mtu aliyetoka, funga mlango, na mtu akigonga kwa ajili ya funguo usifungue, atazoea. Wiki ya kwanza watasema unaringa. Wengine wanakodi kijimeza kwenye stationeri ya rafiki au wanakaa mgahawani na soda moja, inasaidia lakini hela inaondoka kidogo kidogo, na siku ukikosa ya soda unakosa na ofisi.

Na mkeo. Umeniandikia kwamba anasema uamuzi ni wako ila wewe unamuelewa. Una hakika unamuelewa? Mwanamke anayefanya kazi ya zamu, anayetoka alfajiri, anaweza kusema hivyo kwa uchovu, au kwa heshima, anaogopa akisema rudi stendi utaona amekukatia tamaa, na akisema baki mtashindwa kodi na wewe utajilaumu. Huenda naye anasubiri useme kitu. Neno lile la marioo umelimeza peke yako, na kila ukimwangalia unalisikia yeye akilisema wakati yeye hajalisema. Ningekuwa wewe ningemwambia. Nisingemwambia ili agombane na jirani, ningemwambia ajue ninacholala nacho usiku. Alafu ndo mshike karatasi, kodi kiasi gani, chakula, chekechea, simulizi inaleta ngapi kwa sasa hivi na sio kwa mwezi ule mzuri, na nyumba inaweza kuvumilia miezi mingapi. Mazungumzo hayo yana hatari yake, unaweza kusikia kitu hukutaka kusikia, ila hata sasa unakisikia kila siku bila yeye kufungua mdomo.

Kuhusu stendi, mimi sitakwambia nenda wala usiende. Nataka tu nilitikise kidogo lile neno kufeli. Shaaban Robert aliingia kazini forodhani mwaka 1926 na akawa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo hiyo ndipo alipoandika kazi tunazofundishwa shuleni. Hakuna aliyesema amefeli kwa sababu asubuhi alikuwa ofisini. Ukirudi Mbezi utapata watu wako, mshahara, na sentensi zako zitashushwa mzigo wa kodi. Lakini hatari ipo, ratiba za mabasi unazijua kuliko mimi, siku nyingine utarudi saa nne usiku miguu imevimba, na pia inawezekana ukafika pale ukakuta dirisha limebaki lile lile ila wewe umebadilika, unawatazama abiria kwa kuwinda stori na sio kama zamani. Ukibaki nyumbani utakuwa na muda wa kujenga ratiba mpya na hao watu 150 ambao, naomba uwatazame tena, bado wanalipa hata kwenye kipindi chako kibaya. Hatari yake ni kwamba hali ikiendelea hivi hivi bila kubadili kitu, miezi mitatu ijayo utaniandikia barua hii hii ukiwa na deni. Na kuna swali sijaona kama umemuuliza mjomba, nafasi hiyo ni ya kutwa nzima kila siku au kuna zamu? Kuna siku za wikiendi tu, au msimu wa Desemba watu wanaporudi makwao? Jibu linaweza kubadilisha mambo yote.

Ile simulizi iliyokutoa, usiiache ikizurura kwenye magrupu ya 500. Kazi ya uandishi inalindwa na sheria ya hakimiliki, na unaweza kuisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, haitamzuia kila mwizi lakini ukitaka kudai siku moja utakuwa na pa kusimamia. Pia kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wa kwanza walitangazwa 2023 na mshindi wa kwanza wa riwaya alipewa milioni 10. Sio hela ya kupangia kodi, wanaopeleka ni wengi na majibu yanachukua muda, nakutajia kwa sababu wewe umezoea kuandika kinacholiwa usiku huo huo, na huenda kuandika kitu kimoja kizima kinachosubiri kusomwa taratibu kukakuonyesha upande wako mwingine.

Mwisho nina jambo moja linanisumbua kuliko hayo yote. Hulali, mikono inatetemeka jioni, ukisoma kazi nzuri ya mwenzako unaumia badala ya kufurahi. Hayo yakienda wiki baada ya wiki yanaweza kuwa sonona, na sonona inakausha mawazo hata ya mtu ambaye hajawahi kuandika. Mkeo ni mtu wa hospitali, anajua kitengo cha afya ya akili kilipo, mwambie akupeleke au nenda mwenyewe, ni maongezi na daktari kama unavyoongea na mimi. Na hizo simulizi za wenzako za saa nane usiku ziache kwanza mpaka usingizi urudi. Kama kuna siku wazo la kutokuwepo kabisa linapita kichwani, usiku huo huo muamshe mkeo, usingoje asubuhi.

Mjomba mpigie wiki hii, usisubiri tarehe za mwisho, amejitolea na jina lake lipo pale kwa yule mtu wa kampuni. Muulize hilo la zamu, mwambie ukweli kwamba unafikiria na umwombe siku chache uongee na mke wako. Alafu niandikie, uniambie amejibu nini, na uniambie pia kama umepata swali lingine.

Shangazi yako